Injini Yenye Tabo na Safari ya Pwani

Katika vyombo vyote alivyoviunda mwanadamu kwa ajili ya safari za nchi kavu, hapana kilicho na uroho wa hewa kama gari lenye tabo. Injini ya kawaida huvuta pumzi kama uvutavyo wewe, msomaji: pistoni hushuka ndani ya silinda, nafasi huachwa tupu, na hewa ya nje huingia kuijaza kwa kani yake yenyewe. Injini yenye tabo haitosheki na hisani hiyo. Moshi wake, utokao ukiwa na moto mwingi na nguvu ambayo ingepotea bure, huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa ufito mmoja na gurudumu la pili, na hilo la pili huisukuma hewa kwa nguvu kuelekea kwenye silinda. Silinda ile ile basi hupokea hewa nyingi zaidi, hupewa petroli nyingi zaidi, na hutoa nguvu nyingi zaidi. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Huku kwetu watu walishuhudia kazi yake mwaka 1984, Björn Waldegård aliposhinda mashindano ya Safari Rally kwa Toyota Celica yenye tabo, na tena mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda kwa Subaru Impreza. Kuhusu Subaru sina haja ya kusema mengi. Kijana yeyote wa Kenya aitambua kwa ngurumo kabla hajaiona.

Nataka kukueleza jinsi injini ya namna hiyo inavyofunguliwa, ikajengwa upya na kurekebishwa ili idumu. Siielezi ili iende mbio. Kuipa injini yenye tabo mbio ni jambo jepesi sana. Kaza springi moja, badili tarakimu chache katika kompyuta ya gari, na nguvu itaongezeka siku hiyo hiyo. Jambo zito ni kwamba nguvu hiyo iwepo pia mwaka ujao, na iwepo mahali ambapo uhai wa watu waitegemea.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari. Mwaka 2019 nilinunua Impreza iliyokuwa imelala uani kwa mtu jijini Nairobi, imefunikwa turubai, na injini yake imekufa. Fedha zangu zilikuwa akiba ya miaka minne, na zilizopungua nilikopa katika chama cha akiba cha walimu; kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa fupi: injini hiyo sharti ijengwe mara moja tu. Mwenye gari alinisimulia kisa chake bila kuficha. Injini ilikwisha kujengwa upya na gereji moja, ikasifiwa kwa kasi, na baada ya majuma matatu ikamfia karibu na Kibwezi wakati alipokuwa akilipita lori la kontena. Nguvu ilikatika gari likiwa upande usio wake, na basi laja mbele yake. Dereva wa lori, Mungu ambariki, alifunga breki akampisha, naye akarudi upande wake kwa mwendo uliokuwa umesalia katika magurudumu. “Mwalimu,” akaniambia, “nakuuzia gari, lakini mimi silipandi tena.”

Fundi niliyempelekea ni mzee aliyezaliwa Mombasa, ambaye amefanya kazi Nairobi kwa zaidi ya miaka thelathini. Ni mtu wa maneno machache. Nilipomwuliza injini hiyo ingeweza kutoa nguvu za farasi wangapi, hakunitazama. Alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa.

“Mwalimu,” akasema, “habari za farasi tutaziuliza baadaye. Kwanza tuulize ilikufa kwa nini.”

“Nitajuaje, Mzee?”

“Vyuma vitakwambia. Vyuma havina aibu.”

Injini yenyewe ni ile iitwayo EJ20. Ina silinda nne zilizolala ubavu, mbili kila upande, zikipeana migongo kama watu waliogombana. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 92, na pistoni husafiri milimita 75 kwenda na 75 kurudi. Ukipiga hesabu utapata ujazo wa sentimita za ujazo 1,994 kwa silinda zote. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila pistoni huenda na kurudi mara 100 katika sekunde moja. Fikiri juu ya mkono wako kufanya hivyo, ukiwa na kilo kadhaa kiganjani, na utaanza kuiheshimu.

Tulipoifungua tulikuta majeraha mawili. La kwanza lilikuwa katika pistoni moja: ule ukingo mwembamba utenganao kati ya ringi na ringi ulikuwa umevunjika, kipande cha urefu wa ukucha kimetoka. La pili lilikuwa katika beringi ya konrodi, yaani kile kigamba laini kikaacho kati ya konrodi na krenki. Rangi yake ya kijivu ilikuwa imekwisha, shaba imetokeza, na kigamba chenyewe kilikuwa kimezunguka katika kiti chake na kuziba tundu la oili. Mtu asiyejua angesema kwamba ni ajali mbili. Mzee aliviweka vyuma hivyo juu ya gazeti, kimoja kando ya kingine, akasema ni ugonjwa mmoja.

Ugonjwa huo mafundi huuita kugonga, nami naomba uvumilie kidogo niueleze, maana ndio uuao injini nyingi za aina hii. Katika silinda yenye afya, cheche ya plagi huwasha mchanganyiko wa hewa na petroli mahali pamoja, na moto huenea kutoka hapo kwa utaratibu, kama moto wa nyika usukumwao na upepo mdogo. Kani hupanda kwa ulaini na kuisukuma pistoni. Lakini mchanganyiko ambao haujafikiwa na moto wabanwa na kupashwa joto na ule ulio nyuma yake. Ikiwa hewa iliingia ikiwa ya moto mno, au petroli ilikuwa kidogo, au cheche ilipigwa mapema mno, au petroli yenyewe ni dhaifu, basi sehemu hiyo ya mwisho haingoji kufikiwa: hulipuka yote kwa pamoja. Hapo pistoni haisukumwi tena, bali hupigwa nyundo. Nyundo hiyo huvunja ukingo wa ringi. Nyundo hiyo hiyo hupita katika konrodi, hufika kwenye beringi, na kuukamua utando wa oili uliokuwa ukizuia chuma kisiguse chuma. Ndiyo sababu vyuma vile viwili vilikaa juu ya gazeti moja.

Lakini haikuwa hivyo tu. Katika kipoza-oili, kile kikopo kidogo kikaacho juu ya chujio, tulikuta chembe za chuma zilizofifia na kuingiwa na weusi. Hazikuwa za kifo hiki. Injini ilikuwa imekufa mara nyingine kabla yake, na gereji iliyoijenga upya ilibadili beringi ikaacha takataka za marehemu katika mishipa ya oili. Chembe hizo zilirudi katika mzunguko, zikala beringi mpya, zikakaribisha kifo cha pili. Tangu siku hiyo naamini kwamba nusu ya kazi ya kujenga injini ni kuosha. Kipoza-oili hakioshwi kikasafika, kwa sababu ndani yake mna vijia vyembamba visivyofikiwa na brashi. Tulikitupa na kununua kipya. Vifuniko vya mishipa ya oili katika bloku tulivitoa vyote, tukapitisha brashi ndefu, maji ya moto na sabuni, kisha hewa ya kani, kisha tukarudia. Siku mbili nzima tulifua chuma. Bomba linalofyonza oili kutoka kwenye bakuli tuliliweka jipya, kwa kuwa la zamani lajulikana kuwa hupasuka kwenye kiungio chake, na likipasuka pampu hufyonza hewa mahali pa oili. Kadhalika tulitazama kichujio kidogo kilichofichwa ndani ya bolti ya njia ya oili iendayo kwenye tabo. Ni kidogo kama ncha ya kidole, lakini kikiziba, ufito wa tabo, ambao huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika karibu na moshi wenye joto la nyuzi 900, hubaki bila oili.

Baada ya kuosha ilifuata kazi ya kupima, na hapa mimi nilijisikia nyumbani. Krenki ya injini hii ina shingo za milimita 60 pale inaposhikwa na bloku, na milimita 52 pale inaposhikwa na konrodi. Kati ya shingo na beringi yake sharti pawe na nafasi ya oili kupita. Kanuni ya zamani ya mafundi yasema kwamba nafasi hiyo iwe sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha shingo: basi kwa shingo ya milimita 52, yapata sehemu tano za mia za milimita. Unywele wa kichwa chako huenda ukawa mnene kuliko hapo. Nafasi ikiwa ndogo kuliko inavyopasa, oili haipati njia na joto hupanda. Ikiwa kubwa, oili hutoroka na kani yake huanguka. Gereji ile ya awali ilikuwa imefunga beringi za kopo bila kupima, kwa imani kwamba kilichoandikwa nje ndicho kilichomo ndani. Mzee alipima kila shingo kwa mikromita mahali panne, akaniamuru niandike. Kisha alifunga bloku tupu kwa bolti zote, akizikaza kwa spana yenye kipimo, akapima matundu. Kisha akaifungua tena. Bloku ya injini hii, msomaji, ni nusu mbili zinazoibana krenki katikati kama mkate unavyobana kipande cha nyama, na matundu yake hayana umbo la kweli mpaka bolti zikazwe. Kupima kabla ya kukaza ni kujidanganya kwa tarakimu.

Jambo hilo hilo lahusu kuta za silinda. Hedi inapofungwa, bolti zake huzivuta kuta na kuzipinda kidogo, hata silinda iliyokuwa mviringo kamili ikawa na umbo la yai. Kwa hiyo karakana nzuri hufunga bamba nene la chuma juu ya bloku, hulikaza kama hedi inavyokazwa, ndipo huzisugua kuta kwa mawe ya kusugulia. Silinda huonekana imepinda bamba linapotolewa, na hunyoka hedi inapofungwa. Tulizunguka karakana tatu kabla ya kupata yenye bamba la injini hii. Ya kwanza walitucheka.

Pistoni mpya tulizochagua zilikuwa za kufuliwa, si za kumiminwa. Za kufuliwa ni ngumu kuvunjika, lakini nyingi kati yake hutanuka zaidi zikipata joto, na kwa hiyo hutaka nafasi kubwa zaidi katika silinda. Asubuhi injini ikiwa baridi utazisikia zikigonga ukuta kwa sauti ya kokoto, kisha zikanyamaza. Jirani yangu alikuja mara mbili kuniambia kwamba gari langu laumwa. Ringi nazo huwa na mwanya, na mwanya huo nao una kipimo: kwa injini yenye tabo ya barabarani, yapata milimita 0.4 hadi 0.5 kwa kila milimita 100 za kipenyo. Silinda yetu ya 92 ilitaka basi kati ya 0.37 na 0.46. Ringi zilikuja na mwanya mdogo, nami nilikaa na tupa ndogo jioni nzima nikizipunguza moja moja. Ukiacha mwanya mdogo, ringi ikipata moto ncha zake hukutana, haina pa kwenda tena, hukwama na kuvunja pistoni. Na mtu atasema ni petroli mbaya.

Kuifunga injini hakuna mengi ya kusimulia, isipokuwa jambo moja la kuchekesha. Kwa kuwa nusu za bloku hufungwa kwanza pamoja na krenki na konrodi, pini zinazoshika pistoni hutiwa baadaye kupitia vitundu vilivyo ubavuni, kwa kupapasa, kama mtu atafutaye ufunguo chini ya kitanda usiku. Mzee alitia tatu kwa dakika ishirini. Ya nne ilituweka mpaka magharibi. Kabla ya kuiwasha tulitoa plagi zote tukaizungusha kwa stata mpaka sindano ya kani ya oili ikapanda, ili asiwepo hata mmoja wa wagonjwa wetu wa kuanza safari bila maji.

Sasa nafika mahali penye uzito wote wa habari hii, nako ni kurekebisha.

Kurekebisha injini ya siku hizi ni kujaza jedwali. Katika kompyuta ya gari mna jedwali lenye safu za kasi ya injini upande mmoja, na safu za mzigo wa hewa upande wa pili. Kila kijumba kina tarakimu isemayo petroli itiwe kiasi gani, na jedwali la pili husema cheche ipigwe lini. Fundi hulifunga gari juu ya mashine ya kupimia nguvu, huliendesha papo hapo bila kwenda popote, husoma moshi wake kwa kifaa maalumu, na kusahihisha kijumba kimoja baada ya kingine. Kwa uzito, sehemu 14.7 za hewa huungua sawasawa na sehemu moja ya petroli. Lakini tabo inaposukuma kwa nguvu, mafundi wenye busara hupunguza hewa hiyo mpaka 11 na kitu kwa moja. Ile petroli ya ziada haiungui yote, bali hunyonya joto ndani ya silinda na kuzuia kugonga. Joto ndilo adui. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa na tabo mpaka kani yake ikawa maradufu hutoka ikiwa imepita nyuzi 110, na ndiyo sababu ya kuwapo kwa kile kipoza-hewa chenye mapezi kinachoipoza kabla haijaingia. Kumbuka pia kwamba magari haya yaliyouzwa Japani yalipangwa kwa petroli yao yenye okteni ipatayo 100, na petroli ya kawaida tunayotiwa hapa iko chini ya hiyo. Jedwali la Kijapani likiachwa kama lilivyo, cheche yake ni ya mapema mno kwa petroli yetu.

Hayo yote fundi yeyote mzuri wa Nairobi ayajua. Lakini Mzee aliniuliza swali ambalo sikupata kulisikia gerejini, ijapokuwa mimi hulifundisha darasani kila mwaka.

“Mwalimu, hewa ya hapa na hewa ya kwetu ni moja?”

Si moja. Nairobi iko yapata mita 1,700 juu ya bahari, na kani ya hewa yake ni kama milibari 830. Mombasa, ufukoni, ni kama 1,013. Sasa tazama jinsi tabo inavyozuiwa isisukume kupita kiasi. Kando ya gurudumu la moshi mna kilango, na kilango hicho hushikwa na springi na kiwambo. Upande mmoja wa kiwambo husukumwa na hewa iliyobanwa na tabo; upande wa pili upo springi pamoja na hewa ya nje. Kani ya tabo ikishinda springi na hewa ya nje, kilango hufunguka na moshi hupita pembeni. Kwa hiyo kifaa hicho hakipimi kani yote iliyomo; hupima tofauti tu kati ya ndani na nje. Sindano ya dereva nayo aghalabu husoma tofauti hiyo hiyo.

Piga hesabu pamoja nami. Sindano ikisoma bar 1.0 Nairobi, kani halisi inayoingia katika silinda ni 1.0 na 0.83, yaani 1.83. Shuka Mombasa, na sindano isome vile vile bar 1.0: sasa ni 1.0 na 1.01, yaani 2.01. Dereva haoni badiliko lolote kwenye kioo, lakini silinda zake zapokea karibu sehemu moja ya kumi zaidi. Mzigo huo wa hewa umevuka mpaka wa vijumba vilivyosahihishwa Nairobi, na umeingia katika vijumba ambavyo mashine ya Nairobi haikupata kuvifikia hata siku moja. Tarakimu zilizomo humo ni za kukisia, au ni zile zile za Kijapani. Kuna magari ambayo kompyuta yake hupima hewa ya nje na kujirekebisha. Lakini mtu akibadili springi, au akitia kifaa cha mkono cha kuongeza kani, hulinyang’anya gari ulinzi huo.

Nilikumbuka Kibwezi. Yule mtu alikuwa ametoka Nairobi asubuhi na gari lililorekebishwa Nairobi, siku ya joto, akiteremka. Kadiri alivyoshuka ndivyo hewa ilivyozidi kuwa nzito, na yeye akikanyaga vile vile. Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichoikamilisha injini ile. Chembe za chuma zilikuwa zimekwisha kuanza kazi yao. Lakini pistoni yenye ukingo uliovunjika ilikuwa mezani, nayo haikuvunjwa na chembe za chuma.

Basi tulifanya hivi. Nairobi tulilirekebisha gari kwa kani ya bar 0.8 tu, wala si 1.2 walivyonishauri vijana wa gereji ya pili. Vijumba vya juu, ambavyo hatukuweza kuvifikia, Mzee alivijaza kwa woga: petroli nyingi kupita haja, cheche ya kuchelewa. Kilomita 1,000 za kwanza nilikwenda kwa upole wa kadiri, nikiipandisha na kuishusha kasi ili ringi zikae. Tulibadili oili mapema, tukalipasua chujio kwa mkasi wa bati na kulikunjua juani. Karatasi ilikuwa safi. Kisha, Desemba, tukashuka Pwani sisi wawili, mimi nikiendesha na Mzee ameweka kompyuta ndogo mapajani, akiandika yale ambayo gari lilikuwa likimwambia.

Mtito Andei hapakuwa na neno. Voi, mahali pasipofika mita 600 juu ya bahari, mchanganyiko ambao Nairobi ulikuwa 11.3 kwa moja ulikuwa umepanda kufikia 11.6. Tulipovuka Taru na jua la saa nane, hewa ya nje nyuzi 34, nilipanda kilima kimoja kwa gia ya tatu, mguu chini, kwa muda wa pumzi tatu. Mzee alininyoshea kiganja niache. Kifaa cha kusikilizia kugonga kilikuwa kimeisikia injini, na kompyuta ya gari ilikuwa imeirudisha cheche nyuma kwa digrii tatu ili kuikinga. Masikio yangu hayakusikia kitu. Sindano ilisoma 0.8, kama jana, kama Nairobi.

Hilo ndilo ningependa ulione, msomaji, kuliko mengine yote niliyoandika. Gari halikutikisika, taa haikuwaka, nguvu ilikuwa tamu. Lau tungalikuwa na ile bar 1.2 ya vijana, na vijumba vya juu visivyo na woga wa Mzee, kugonga kungaliendelea mpaka Mombasa, na siku moja mbele ya basi.

Tulisimama chini ya mbuyu. Mzee alibadili tarakimu kumi na mbili, akaongeza petroli katika vijumba vile, akarudisha cheche nyuma digrii mbili, akasema, “Endesha.” Tulirudia kilima kile kile mara nne. Mara ya nne kompyuta ya gari haikuwa na la kulinda. Jioni tulivuka Mariakani tukafika Mombasa, na Mzee akashukia kwa dada yake kula wali wa nazi, jambo ambalo nashuku lilikuwa sehemu ya hesabu yake tangu mwanzo.

Wanafunzi wangu wameniuliza: basi nyanda za juu ni salama? Hapana, huko kuna hatari ya namna nyingine. Ili kuleta bar 0.8 juu ya hewa nyepesi, tabo sharti ibane kwa uwiano mkubwa zaidi. Mombasa huzidisha kani ya hewa kwa 1.8, Nairobi kwa karibu 2.0, na Timboroa, ambako barabara ya Eldoret hupita zaidi ya mita 2,700 na hewa ni kama milibari 730, kwa 2.1. Silinda haipati mzigo mkubwa huko, bali tabo ndiyo ichokayo: huzunguka kwa kasi zaidi, huitoa hewa ikiwa ya moto zaidi, na ufito wake hutegemea oili kuliko kawaida. Kwa hiyo Pwani huhofiwa pistoni, na Timboroa huhofiwa tabo. Mzee alinifungia swichi yenye hatua mbili, moja ya 0.8 na nyingine ya 0.6, akaandika kwa mkono wake juu ya utepe wa karatasi neno MLIMANI.

Gari limekwisha kwenda kilomita 60,000 tangu lijengwe. Oili hubadilishwa kila kilomita 5,000, na kila chujio hupasuliwa. Baada ya safari ndefu huiacha injini ikinguruma polepole kwa dakika moja au mbili kabla ya kuizima, ili oili isichomeke katika ufito wa tabo ulio moto. Aprili iliyopita nilimpeleka mama Eldoret kwa arusi ya binamu yangu. Tulipoanza kupanda, ukungu ukiwa mbele yetu na malori yamepangana, niliigeuza swichi ya Mzee. Sindano ikakaa kwenye 0.6. Tulilifuata lori la mbao kilomita tatu mpaka barabara ikafunguka, ndipo nikalipita.